Pua Kabla ya Sabuni

Miaka kumi na moja nimeosha vikombe kwenye mkahawa ule, na miaka kumi na moja nimechekwa kwa jambo moja: sioshi kikombe kabla sijakinusa. Wifi yangu, mhudumu wa mezani, ndiye aliyenibandika jina la Mama Pua. Sikukataa. Kila mtu na karama yake.

Basi Fundi, mkaangaji wetu wa kahawa, bega likamgomea. Akaaga kwamba mwisho wa mwezi anaondoka. Nikamwendea bosi nikamwambia waziwazi, kikaango nakitaka mimi. Akaitazama mikono yangu iliyojaa povu, akacheka mpaka akakohoa. Moyoni alishampa shemeji yake. Huyo Shemeji, maana sote tulimwita hivyo, hata wateja, alisoma kozi ya kahawa ya wiki tatu akarudi na cheti na kitambaa cha shingoni.

"Bosi," nikasema, hasira zimenipanda, "cheti hakina pua."

Wifi akadakia kutoka mlangoni, "Si muwashindanishe tu, tujue mbivu na mbichi!"

Bosi anapenda michezo kuliko kula. Akaamua: Jumamosi tutazunguka mikahawa mitano ya mjini, tuonje. Jumapili ataleta kahawa za huko kwenye vikombe visivyo na alama, na kila mmoja wetu aseme kipi kimetoka wapi. Atakayeshinda anachukua kikaango, atakayeshindwa anachukua sinki. Shemeji akacheka, maana hakudhani hilo la sinki linamhusu.

Jumamosi tukaenda. Mkahawa wa kwanza, ule wa kona ya benki, Shemeji akakizungusha kikombe, akafumba macho: "Kali." Wa pili, ule wa ghorofani: "Kali, lakini laini." Wa sokoni: "Kali kiasi." Jamani! Kali ya moto, kali ya uchungu, kali ya uchachu, au kali kama mama mkwe? Nilimuuliza hivyo hivyo, akanijibu kwamba mimi sikusoma.

Mimi nikamwambia bosi kwa maneno ya jikoni. Ya benki imekaangwa na mtu mwenye haraka, nje imeungua, ndani bado mbichi. Ya ghorofani nzuri, ila chupa yao haikusuuzwa sabuni ikaisha. Ya sokoni buni zake zililowa kabla ya kukaangwa. Ya mbele ya hospitali imepashwa moto mara mbili. Ya duka la vitabu haina kosa, ila haina neno pia, umeinywa umeshaisahau. Bosi aliandika yote huku akizuia kicheko.

Jumapili asubuhi tukakuta vikombe sita mezani. Sita, na mikahawa ni mitano! Shemeji ama hakuhesabu, ama alihesabu akaona haya kuuliza. Alionja haraka haraka, akataja sita, na ule wa ghorofani akautaja mara mbili. Kikombe cha nne alikisifu hasa.

"Hii ndiyo kahawa! Hapa kuna mtu anayejua kazi. Ni ya ghorofani, nikikosea nikatwe mkono."

Zamu yangu ikafika. Cha kwanza, sokoni. Cha pili, benki. Cha tatu, ghorofani, na sabuni yao ile ile. Nilipoinamia cha nne, pua ikasimama. Nikaonja. Nikakiweka chini. Nikamaliza hospitali na duka la vitabu, kisha nikarudi pale.

"Hiki hakikutoka kwenye yoyote kati ya ile mitano," nikasema. "Hiki ni chetu. Kahawa ya juzi Ijumaa."

Bosi akapiga meza. "Ndiyo! Nilitega mtego! Ile Ijumaa wateja waliagiza mara mbilimbili, mimi nikajibania kopo moja la buni zake. Fundi, hukuwahi kukaanga vile maisha yako yote!"

Ijumaa nzima vikombe vile vilirudi sinkini vikavu, hata mashapo wamelamba, nami nilinyamaza kwa sababu nilimwahidi Fundi sitasema. Ahadi ni deni. Nikamtazama tu.

Fundi alikuwa amekalia gunia la buni. Akajikuna shingo.

"Sikukaanga mimi," akasema. "Alhamisi bega halikunyanyuka kabisa, nikampa Mama Pua mwiko. Akataka kuepua mapema, nikamfokea kwamba hazijaiva. Akaniambia pua imesema basi. Akaepua. Halafu mkanipongeza mimi, nikaona aibu kusema."

Wifi akapiga kigelegele mpaka mteja wa dirishani akamwaga maziwa. Nilifurahi, jamani, sifichi! Nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Fundi akanyanyuka, akanipa mwiko kwa mkono wake mzima, na bosi akasema, "Haya, Mama Pua, kikaango ni chako."

"Na hivi vikombe sita anaosha nani?" Wifi akauliza kwa sauti ya upole kabisa.

Sote tukageuka. Shemeji akavua kitambaa chake cha shingoni taratibu, akakikunja, akavikusanya vikombe. Akafungua bomba. Alipoishika chupa ya sabuni nikamfuata, nikamshika mkono.

"Ngoja kwanza, Shemeji," nikamwambia. "Anza na hicho cha nne. Kinuse."