Viko Vitatu kwa Baba Sifaeli

Hanna alisimama mbele ya meza ya mzee Ezra, mchonga viko wa mtaa wa Sakina, akashindwa kuchagua. Vilikuwa vitatu, vyote vya mti wa loliondo: kidogo cha kuenea kiganjani, cha kati, na kikubwa chenye tumbo la kumeza tumbaku ya siku nzima.

"Mwanangu, unanunua kiko au unanunua saa?" Ezra alimtania.

Alikuwa ananunua saa hasa. Katika ukoo wao, aliyemkosea mzee humjazia kiko. Mzee akikubali kuvuta, mkosaji huzungumza mpaka moto uzimike. Ukizimika, huinuka akaenda zake, awe amesamehewa au la. Na Hanna alikuwa na maneno ya miaka sita. Alitoroka kwao Oldonyo Sambu bila kuaga, akafunga ndoa na Prosper, Mkatoliki wa Kilimanjaro, ilhali baba yake, Sifaeli, ni mzee wa kanisa la Kilutheri, tena mkali kama pilipili. Baba akanyamaza, binti naye akanyamaza, hata alipojifungua mtoto. Ukaidi wa namna hiyo hauokotwi barabarani, watu hurithishana. Sasa Sifaeli alikuwa amepata kiharusi, na Hanna aliogopa, aliogopa kwelikweli, kwamba angemzika kabla hawajasemezana.

"Nipe hicho kikubwa," alisema.

"Mzee hachaguliwi kiko, mama. Beba vyote vitatu, achague mwenyewe."

Jumamosi alimkuta baba yake ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, anaota jua. Alikuwa amekonda mno.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Hanna alipiga magoti, akatandika kanga, akavipanga viko juu yake. Kile kikubwa alikisogeza mbele kidogo, hila ya kitoto kwa mama mzima kama yeye. Sifaeli aliviangalia kwa muda mrefu, kisha akaokota kile kidogo kuliko vyote.

Moyo wa Hanna ulivunjika. Alijua amepunjwa, na aliyempunja ni baba yake mzazi. Hata hivyo alijaza tumbaku, akaishindilia sana kwa kidole gumba ili iungue polepole, akaweka kaa la moto. Moshi ulipopanda tu, hotuba yote aliyoifanyia mazoezi wiki nzima ikamtoka kichwani.

"Niliondoka bila kukuaga, baba," alisema. "Nilikuaibisha mbele ya watu. Nisamehe."

Alitaka kuendelea lakini akaangua kilio. Alilia mpaka moshi ukakonda, ukakatika. Mila ni mila. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akainuka.

"Unakwenda wapi?" Sifaeli aliuliza. Ulimi wake ulikuwa mzito kwa ugonjwa.

"Kiko kimezimika, baba."

"Nimeona. Mimi si kipofu." Mzee alikung'uta majivu kwenye mguu wa kigoda, taratibu, maana mkono ulikuwa unamtetemeka. "Hicho kikubwa siwezi kukibeba tena. Hiki nakiweza, ila itabidi ukijaze mara nyingi."

Akamnyooshea kiko.

"Kaa, ujaze. Halafu uniambie mjukuu wangu anaitwa nani."