Maji Yaliyotakata Mno

Eberhard Häfele alikuwa hoi. Alipandisha ndoo nyingine ya maji ya chumvi kutoka chumba cha chini, mgongo ukimlaumu kila ngazi, akaimimina kwenye tangi la matumbawe la mkewe. Tangu apigwe na kiharusi, mkewe Roswitha alikuwa katika kituo cha mazoezi ya viungo, na ulimi ulipoanza kufunguka, neno lake la kwanza halikuwa jina la mumewe. Lilikuwa "matumbawe". Eberhard hakununa. Aliapa moyoni kwamba mkewe akirudi atayakuta hai, na sasa yalikuwa yanakufa mbele ya macho yake.

Pale Esslingen, kwa Waswabi wa Ujerumani, kibao cha wiki ya ufagio, yaani zamu yako ya kufagia, kikitundikwa mlangoni mwako, unafagia ngazi hata kama hazina vumbi, maana jirani anatazama. Eberhard alikuwa amezifagia hivyo maisha yake yote, na tangi akalichukulia vivyo hivyo. Alisugua kioo, akanyonya taka mchangani, akabadilisha maji, akaongeza punje za kunasa fosfeti. Roswitha alikuwa amemwonya asiliguse mno, lakini asiyejua maana haambiwi maana. Vipimo vya chumvi zitokanazo na taka za samaki vilipofika sifuri, naitreti sifuri na fosfeti sifuri, alijipiga kifua. Kisha matumbawe yakapauka. Ute wa kahawia kama kamasi ukatanda mchangani, naye akausugua. Ukarudi, akausugua tena, mpaka akawa hana tena nguvu hata ya kukasirika.

Ndipo akamwita Gudrun, rafiki wa Roswitha wa chama cha wafuga samaki.

"Umepima, shemeji?" Gudrun aliuliza, pua ikigusa kioo.

"Sifuri. Zote mbili."

"Sifuri! Na unaisema kwa maringo! Eberhard wee, umeyaua kwa njaa!"

"Njaa? Samaki nawalisha. Kidogo, wasichafue."

"Huo uchafu ndio chakula, bwana! Samaki ale, achafue, tumbawe lipate. Na huu ute unapenda pasipo na kitu, haupati wa kushindana naye. Wewe unaufagilia njia."

Eberhard aliketi kwenye ukingo wa kochi. "Sasa nifanyeje?"

"Toa hizo punje. Walishe samaki washibe. Halafu ukae."

"Nikae?"

"Kitako, Mswabi wewe. Kama unaweza."

Hakuweza kirahisi. Ndoo zilimchosha mwili, lakini kukaa kulimchosha zaidi, maana alipokaa ndipo hofu ilipompata. Aliogopa siku ambayo Roswitha angeingia mlangoni akiwa na mguu mmoja mzito, naye asijue la kumfanyia. Kusugua kulikuwa kumemzuia kulifikiria hilo. Kioo kikaota ukijani, mikono ikamwasha, akaiacha.

Vipimo vikapanda kidogo. Ute ukapungua. Matumbawe kadhaa yalikwisha kufa, yamebaki mifupa mieupe, lakini yaliyosalia yakaanza kurudisha rangi na kunyoosha vidole vyake majini.

Roswitha akarudi, akiegemea mkongojo. Alilitazama tangi kitambo kirefu.

"Mengine nimeyaua," Eberhard alisema. "Kwa usafi."

Roswitha alicheka kwa nusu ya mdomo. "Nime... ona."

Mezani Eberhard alimwekea mkewe dengu na tambi, chakula alichokipenda. Kijiko kilitetemeka mkononi mwa Roswitha, mchuzi ukadondokea blauzi. Eberhard akapangusa. Ukadondoka tena, akapangusa, akapangusa na kidevu. Mara ya tatu alimpokonya kijiko taratibu.

"Lete nikulishe, mama. Utachafuka bure."

Roswitha alimkamata kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima. Alilitafuta neno kwa muda, jasho likamtoka usoni, na Eberhard akajizuia asimsaidie.

"Niache," alisema hatimaye. "Ni... chafuke. Nile."

Eberhard akamrudishia kijiko. Akaificha mikono yake chini ya meza, akaishikanisha kwa nguvu, huku mchuzi ukimwagika.