Kanda za Plansue

Kaka yangu Plansue alizikwa wakati udongo umeganda, hata wachimbaji walilazimika kuwasha moto juu ya kaburi kabla ya kuligusa kwa sururu. Tulipotoka makaburini tulikwenda ukumbini kula, na baada ya kula tukaanza salite. Kwetu Unama'ki, kisiwani kwetu sisi wenyeji wa asili, vitu vya marehemu haviachwi vikae ndani vikimtazama mjane. Huletwa vyote mezani vikanadiwa, na kinachopatikana hulipia jeneza na chakula. Watu hupandisha bei kwa makusudi huku wakitaniana, na mara nyingi anayeshinda hukichukua kile kitu akamrudishia yule wa familia anayekihitaji. Jambo hilo halisemwi. Linajulikana tu.

Mnadi alikuwa Ekien, mtu asiyehitaji kipaza sauti. Aliinua suruali nzito za ndani za marehemu akazigeuza huku na huku.

"Hizi zimeona baridi zote za ziwa hili," alisema. "Na zimefuliwa Krismasi. Krismasi ya mwaka gani, muulizeni Matlen."

Matlen, mjane, alicheka mpaka akafuta macho. Hiyo ndiyo kazi ya salite.

Kisha Ekien akainua kopo la biskuti lililojaa kanda, pamoja na redio kaseti ya Plansue. Wote tulijua ni nini. Kwa majira mawili ya baridi Plansue alikaa peke yake mezani jikoni akizungumza lugha yetu na ile mashine: maneno ya uvuvi, ya barafu, ya sala, ya matusi pia, alivyoniambia. Alikuwa akimrekodia Katlin, binti wa binamu yetu, anayefundisha lugha hapa shuleni. Katlin alikuwa na picha na kadi alizochora mwenyewe, na watoto wake walijua kutaja rangi na wanyama, lakini hawakuweza kuomba maji ya kunywa. Mara kadhaa alimwomba Plansue ampe zile zilizokwisha. Plansue alikataa. Alisema atazileta zote pamoja, kazi nusu haitoki nyumbani kwake. Kifo hakikumsubiri.

Matlen angeweza kulificha kopo. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alifikiri kama tulivyofikiri sote, kwamba bei itapanda, jeneza litalipika, na atakayeshinda atamkabidhi Katlin.

Katlin akaanza. Mtu wa nyuma akapandisha, Katlin akaongeza, na binamu zake wawili wakaingia kwa kumchokoza. Ndipo Klamen aliposema bei yake. Klamen ni mtoto pekee wa Plansue. Alikuwa amesimama karibu na mlango, koti lake hajalivua.

"Ala, Klamen," Ekien akamwambia. "Umetamani kugombezwa na baba yako, mpaka unanunua?"

Watu wakacheka. Klamen akapandisha tena, safari hii mbali sana. Katlin akatabasamu, akaacha kupandisha. Mtoto anunue sauti ya baba yake halafu aitoe kwa shule, nani angetaka zaidi? Ekien akagonga meza. Klamen akalipa, akalichukua kopo na redio, akampita Katlin ambaye tayari alikuwa ameinua mikono kidogo, akatoka nje kwenye theluji. Hata chai hakunywa.

Siku zilizofuata yalisemwa mengi juu yake. Mimi sikusema, kwa sababu lipo nililolijua.

Plansue na mimi tulipelekwa pamoja katika shule ya bweni. Huko, aliyesikika akizungumza lugha ya nyumbani alipigwa kwa mkanda wa ngozi, na Plansue alipigwa zaidi kwa kuwa hakujua kunong'ona. Klamen alipozaliwa, kaka yangu alimshika mkononi akasema mdomo huu hautapigwa. Hakuwahi kumwambia neno moja la lugha yetu. Alimlea kwa Kiingereza cha kambi ya wakata miti, na Matlen akamfuata. Tulikuwa tukikaa mezani tukicheka kwa lugha yetu, mtoto akiingia tunakatisha. Alikuwa akitutazama usoni mmoja mmoja, anatafuta amekosa nini. Hatukumwambia. Halafu uzeeni, baba huyo huyo akakaa mezani pale pale na kuzungumza mchana kutwa kwa ajili ya watoto wa wengine.

Katlin alikwenda kwa Klamen kumwomba amwazime kopo jioni moja tu, anakili, alirudishe. Klamen alizungumza naye mlango ukiwa nusu wazi. Alimwambia watoto wote wa shule wamewekewa maneno, yeye ameachiwa kopo. Kisha akafunga.

Mwishoni mwa majira ya baridi nilikwenda mimi. Nilioka lusknikn, mkate wetu usiotiwa hamira, nikaufunga kwa taulo ungali moto. Anaishi ng'ambo ya kiwanda cha mbao, nyumba ya chumba kimoja na jiko la kuni. Mlango ulikuwa wazi. Sakafuni palikuwa na utepe wa kanda, mwingi, wa rangi ya kahawia, umejisokota kama maganda ya mti ninayochonga ya kusukia vikapu. Redio ilikuwa juu ya meza, karibu mno na jiko.

"Mashine inazila, shangazi," alisema. "Nazirudia sana. Hii ndiyo imebaki."

Nikakaa. Alinimiminia chai, akakata mkate, akala kipande kikubwa kwanza. Ndipo akauliza.

"Hebu nieleze kitu kimoja. Anasema kidogo, ananyamaza. Anasema tena, ananyamaza. Kanda zote hivyo hivyo. Hata na mashine hakutaka kuzungumza?"

Akabonyeza. Kaka yangu akaanza kusema, karibu kama yuko chumbani. Alikuwa akizungumzia barafu: ile nyeusi inayombeba mtu, ile nyeupe inayodanganya, na mahali pa kutoboa ili kuteremsha mkuki wa samaki mkunga. Kila baada ya neno palikuwa na kimya. Ilisikika saa ya ukutani ya Matlen, na kuni zikipasuka jikoni mwao.

"Hanyamazi," nilimwambia. "Anasubiri. Anakupa neno, anakuachia nafasi ulirudie. Mama yetu alitufundisha hivyo."

"Anamsubiri nani?"

"Anayesikiliza."

Akairudisha kanda mwanzo. Neno likaja, nafasi ikafuata. Niliiona midomo yake ikijaribu. Haukutoka mlio. Nafasi ikaisha, na Plansue akaendelea kwa upole, kama mtu aliyejibiwa vizuri. Likaja la pili, ikawa hivyo hivyo. La tatu sikuweza kuvumilia, nikalisema mimi.

Klamen akainua mkono, bila hasira.

"Usijibu, shangazi. Wewe umeshajibu maisha yako yote."

Nilimwomba ile kanda. Nilimweleza polepole kwamba mashine ikiila hiyo hakuna nyingine, kwamba Katlin ana kifaa kizuri, kwamba angerudishiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," alisema. "Nikiweza kusema hata moja, nitampelekea mwenyewe."

Nilipofika barabarani nilimsikia Plansue tena nyuma yangu. Neno, kimya. Neno, kimya. Nilisimama kwenye theluji kidogo, nikisikiliza kama kuna sauti nyingine. Upepo ulikuwa mwingi.

Barafu ilipoondoka ziwani, kopo lilikutwa asubuhi kwenye ngazi za shule. Ndani mlikuwa na utepe uliokatika vipande, na maganda matupu ya kanda, hata la ile ya mwisho, yamepangwa vizuri. Katlin alichukua kipande kimoja akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama, kama vile palikuwa na kitu cha kuonekana. Kisha akaniita.

Alikiweka kifaa chake mbele yangu, akaniomba niseme yale niliyoyasikia mezani kwa Klamen. Nilisema niliyoyakumbuka. Baada ya kila neno niliacha nafasi ya kadiri ile ile aliyoacha kaka yangu. Tulipofika kwenye barafu ya juu ya chemchemi, ile ambayo mtu hakanyagi hata akiwa anafukuzwa, nilikwama. Plansue alikuwa na neno lake, nililisikia, na sikulishika. Katlin alisubiri, kisha akauliza kama aikate rekodi mahali hapo.

Nilimwambia apaache.

Watoto wanaisikiliza rekodi hiyo sasa. Wanarudia kwa kelele, na wakifika pale pasipo na neno wanatazamana. Klamen hukutana nami dukani, hunibebea mifuko hadi garini. Sijamuuliza kama aliwahi kusema hata moja.