Siku Tuliyoamriwa Kuilaza Mitutu

Kwa miezi minne mitutu miwili ya mzinga wetu pale Kisangani, kando ya mto, ilitazama juu tu, ikisubiri ndege, mpaka mchana ule komanda aliposhuka kwenye gari lake la jipu na kutuamuru tuilaze.

"Waasi wamevuka, wako Lubunga," alisema, akionyesha ng'ambo ya mto. "Pigeni nyumba zote za ukingoni."

Tulikuwa watatu. Mimi Henri, mtoto wa wavuvi wa Yanonge, nilikuwa mlengaji. Rashidi, mwana wa fundi cherehani wa Lubunga, alipakia risasi. Mkubwa wetu alikuwa sajenti Trésor, mtu mfupi mwenye sauti nene, aliyeweza kutufokea asubuhi nzima kwa sababu ya doa la kutu lisilozidi punje ya mchele.

Nasema kweli, ile miezi naikumbuka kwa hamu. Ndege zilikuja mara mbili tu, na mara zote mbili tulizikosa. Siku nyingine zote tulisugua chuma, tukala pondu, yale majani ya mihogo, kwenye sufuria moja, tukabishana nani wa kwanza kusikia injini. Rashidi alikuwa akifumba macho, anatega sikio, kisha anatangaza, "Hapana, iko mashini ya Mama Micheline ya kusaga mihogo." Na kweli, ilikuwa mashine. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sijacheka vile tena.

Mchana ule Rashidi aliongea polepole. "Chef, kule kuko batu. Mama yangu iko kule."

Kwenye kioo cha kulengea niliona nguo zimeanikwa, na mwanamke akizianua bila haraka.

Trésor alimgeukia komanda, akapiga saluti. "Mon commandant, mutambo imekwama. Utupe dakika kumi."

Komanda alitazama saa, akaondoka kwenda kituo kingine. Vumbi la jipu halijatulia, Trésor amekwisha piga magoti, anavifungua vile vyuma viwili vinavyosukuma risasi, kimoja kwa kila mtutu. Kimoja alinipa mimi, kingine Rashidi.

"Mu maji," alisema. "Mbali."

Tulivirusha. Mto ulipita juu yavyo kama kawaida.

Komanda aliporudi, Trésor alisimama mbele yetu. "Ni mimi peke yangu. Hawa niliwatuma kuchota maji." Wakampakia kwenye jipu. Hakutuaga. Alimwonyesha tu Rashidi shati lililochomoka kwenye suruali, na Rashidi akalichomeka. Siku mbili baadaye jeshi letu liliukimbia mji. Sajenti hatukumwona tena.

Mama yake Rashidi aliishi zaidi ya miaka ishirini baada ya hapo, akafia kitandani mwake. Tulipotoka makaburini, Rashidi alinishika mkono. "Henri, Trésor alikuwa na bibi kule Banalia. Tuende."

Tulikwenda kwa pikipiki. Mke wa Trésor, Viviane, mvi kichwa kizima, alikuwa akimenya mihogo barazani. Tulimwambia sisi ni nani, na mzinga gani tuliutumikia na mumewe.

"Muzinga?" aliuliza. "Mimi aliniambia iko mupishi wa basoda, anapikia jeshi. Ili nisiogope."

Alimaliza kumenya muhogo uliokuwa mkononi. Kisha akafuta mikono, akavuta kiti chake karibu yetu.

"Bon. Muanze mwanzo."

Tulikuwa tumepanga kurudi Kisangani jioni ileile. Tulikaa siku tatu.