Dawa Iliyofaulu Chuo Kikuu

Tupokigwe hasahau. Anakumbuka wageni wa gari jeupe waliobeba kapu zima la mizizi ya mama yake wakaahidi kurudi na majibu. Mama alikufa akiwangoja, na hata rambirambi hawakuleta. Kwa hiyo miaka sita iliyopita, wengine walipofika Lupepo wakitaka dawa yake ya kuongeza damu, na wakagoma kupanda mlima kuuona mti kwa sababu ya matope, aliwatazama viatu akasema, "Kaeni, wanangu. Unga ninao tayari."

Jikoni kulikuwa na majani ya chai yaliyokauka juu ya moshi. Obed, karani wa banda la kupimia chai, alikuwa amemrudishia: kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi, si majani makuu kama masikio ya ng'ombe. Tupokigwe akayatwanga. Wageni wakapokea kwa mikono miwili, wakampiga picha, wakaondoka.

Miaka ikapita, kisha mtafiti mmoja wao, Gloria, akapiga simu: dawa imefaulu, salama kabisa kwa damu, wiki ijayo anakuja kukabidhi cheti mkutanoni. Kijiji kikaanza kumwita Tupokigwe daktari. Naye akagongelea ukutani msumari wa kutundikia cheti.

Lakini mumewe, Asajile, aliyekuwa akinywa kikombe kimoja cha ile dawa yenyewe ya mti kwa mwezi, akahamia kwenye jagi, kila siku. Asubuhi ya mkutano alimwita mkewe nyuma ya migomba.

"Mama Lugano, njoo uone. Mkojo umekuwa strungi, chai ya rangi kabisa."

Macho yake yalikuwa ya njano.

"Acha hiyo dawa," alisema Tupokigwe.

"Niache nini, na chuo kikuu kimepitisha? Huo ni uchafu unatoka."

Kwenye ofisi ya kata Gloria alieleza vizuri. Dawa ile inazuia mwili kushika kutu, tena kwa nguvu ya kushangaza. Halafu waliichanganya na damu: dawa mbaya hupasua chembe nyekundu, maji yote yakawa mekundu. "Ya mama yetu haikupasua hata moja."

Watu wakapiga makofi. Cheti kilikuwa na fremu ya dhahabu. Tupokigwe aliukumbuka msumari wake.

Asajile akasimama, akishika ukuta. "Mwanangu, kwa hiyo naweza kwenda majagi mawili?"

"Kwa majibu haya, baba, sioni shida."

"Shida ipo," alisema Tupokigwe. "Mlichopima ni chai."

"Chai gani, mama?"

"Ya Obed. Ile aliyoikataa."

Obed alijibu kutoka nyuma, "Mimi nilisema haifai. Mashahidi wapo."

"Haifai wapi," alisema Esnath wa kwaya, "na imefaulu chuo kikuu?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Gloria hakucheka.

"Mama, nimesomea unga ule miaka minne. Kwa nini ulitudanganya?"

"Mama yangu hakuwadanganya. Waulize wenzako alipata nini. Hayo nitayarudia, sijayamaliza. Sasa hivi mume wangu anakunywa dawa ambayo hakuna aliyeipima, kwa cheti cha chai. Gari lako lina mafuta?"

Hospitalini Tukuyu daktari alisema chembe zinapasuka kwelikweli, na mzee anahitaji damu. Katika ndugu na majirani wote, iliyokubali ilikuwa ya Obed.

"Imechambuliwa?" aliuliza Asajile kitandani. "Isije ikawa ya majani makuu."

"Nyamaza unywe damu," alisema Obed, mkono umefungwa pamba.

Asajile alipopona, Gloria alipanda mlima, matope hadi magotini, akakata gome, jani na ua kwa mkono wake. Tupokigwe alitangulia akitaja masharti: jina lake liandikwe, na majibu, yawe mazuri yawe mabaya, yasomwe Lupepo kwa Kiswahili.

Baada ya miezi mitatu Gloria alirudi. Alirudi, hilo liandikwe. Maji yalikuwa mekundu, alisema, hata kwa kipimo kidogo. Tupokigwe alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kumwaga chungu kizima cha dawa chini ya migomba, akaosha mikono.

Cheti cha chai alimpa Obed akitundike bandani. Kwenye msumari wake ipo karatasi isiyo na fremu, inayosema dawa ya Tupokigwe wa Lupepo haifai kunywewa. Wageni wakiuliza kwa nini ametundika aibu, huwajibu kwamba aibu ni ya wale ambao mama yake aliwangoja.

Asajile siku hizi anakunywa strungi, kikombe kimoja.