Wanaosukuma Chuma

Spès alikuwa anachagua maharage uani kwake Kinama, mchana, wakati mumewe Astère alipotoka ardhini karibu na jiko. Alichukuliwa mwaka juzi, asubuhi, baada ya jirani yao Hyacinthe kuwaonyesha wanajeshi mlango wao. Mwili haukuonekana. Spès alikuwa ameomba kwa rozari amwone tena. Basi alimsogezea kiti.

Makaa yalikuwa na unyevu. Astère akayashika kwa vidole, yakawaka. Maharage ya jana yakapata moto.

"Umekonda," Spès alimwambia.

"Kazi iko mingi."

Akamweleza kama alivyokuwa akimweleza mambo ya garaje ya Buyenzi, alikokuwa akichomea vyuma. Katikati ya dunia kuna chuma, kikubwa kuliko Burundi yote, kinawaka na kinazunguka. Nguvu yake inatoka nje na kuifunika dunia kama chandarua, upepo mkali wa jua usitufikie. Kikisimama, upepo huo utapeperusha hewa, halafu maji, mpaka ziwa likauke. Waliopotea kama yeye wote wamewekwa huko kukisukuma.

"Dominika tunaondoa matanga yako," Spès alisema. "Mama yako amechoka kungoja. Rudi. Mi siwezi kuondoa matanga ya mutu anakula maharage yangu."

"Siwezi kuacha. Tukiacha, batoto hawatapumua."

"Na Hyacinthe?"

"Naye hatapumua."

Spès akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Basi acheni upande wake tu."

"Apana, Mama Gaël. Hewa haina upande."

Astère alimaliza sahani, akafanya ishara ya msalaba, akashuka. Spès akafagia udongo uliobaki.

Dominika walikuja ndugu, padri na majirani. Chungu cha bia ya mtama kiliwekwa katikati na mirija yake. Ardhi ilikuwa ya vuguvugu, wengine wakavua viatu. Mama mkwe akamvua Spès kitambaa cha msiba, akamfunga kingine chenye maua.

Hyacinthe ndiye aliyeombwa kusema kwa niaba ya majirani. Alisema Astère alikuwa mutu wa kazi. Watu wakaitikia. Halafu akavuta pumzi ndefu, kifua kikajaa, akasema leo kuna hewa nzuri.

Spès akampa mrija. Kisha naye akavuta pumzi, kwa sababu hakukuwa na hewa nyingine.