Mshale Umepita Nusu

Mimi na mama tulikuwa tumekubaliana. Gari lake likifika mjini Kajaani bila injini kuchemsha, anabaki nalo, na yeye anabaki kwake msituni. Likichemsha, linakwenda kwa mnunua vyuma chakavu na yeye anahamia mjini, kwenye ghorofa iliyo mkabala na maktaba. Kwake hakupiti basi. Bila gari hawezi hata kununua maziwa.

Nilitaka lichemshe, sifichi. Tangu baba afariki Januari nilikuwa silali. Mama asipopokea simu mara moja, namwona ameanguka kwenye ngazi za sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, na hakuna hata mbwa wa kubweka. Nilikuwa nimechoka kuogopa.

Siku ile ya Julai jua lilikuwa kali. Mama alishika usukani, mimi nikakaa pembeni, macho kwenye mshale wa joto.

"Acha kuukodolea macho," mama akasema. "Utaupandisha."

"Umeshapita nusu, Mama."

"Basi washa hita."

Nikaifungulia hita hadi mwisho. Ndivyo alivyotuelekeza Raimo, jirani yake, fundi mstaafu: hita hulitoa joto kwenye injini na kulileta ndani kwa abiria. Raimo alikuwa ameshabadilisha themostati, akabadilisha swichi ya feni, akamwaga maji ya rejeta na kuweka mapya. Feni nayo ilikuwa nzima. Tena haikupumzika, ilinguruma tangu tulipotoka uani. Ugonjwa ulikuwa wapi, Raimo mwenyewe alikuwa ameinua mikono.

Upepo wa moto ukatupiga miguuni. Mama alikuwa na soksi zake za sufu, maana hazivui hata kiangazi.

"Sauna ya bure hii," akasema. "Ungeniambia ningebeba taulo."

"Mama, tugeuze tu. Yaishe."

"Wewe ndiyo unataka yaishe. Mimi nataka viazi vipya vya sokoni."

Nilifungua dirisha, nikalifunga kwa sababu ya nzi, nikalifungua tena. Kwenye kilima cha Korpivaara mshale ukagusa wekundu. Mama akakata kona, akasimamisha gari kando ya jukwaa kuukuu la mbao ambapo zamani watu waliweka madebe ya maziwa. Injini akaizima, feni ikaendelea kuzunguka.

"Halijachemsha," akasema haraka. "Limepata joto tu. Naenda kichakani. Usiguse kifuniko cha rejeta, utaungua uso."

"Nina miaka hamsini na mbili, Mama."

"Ndiyo umri wenyewe wa kuungua."

Akapotea kati ya misonobari. Nikainua boneti, nikasimama pale natoka jasho, nasikiliza feni ikihangaika. Nikatoa kitambaa kujifuta, na kwa kukosa la kufanya nikakishika mbele ya gari, pale hewa inapoingilia. Feni inayovuta kwa nguvu zile ingekinyonya. Kikaning'inia tu, hakitikisiki.

Nikachuchumaa. Nyuma ya vyuma vya mbele kulikuwa na mbu na nzi waliokufa, wamebandikika bapa kama ukutani. Rejeta ina matundu, wangenasa humo. Nikapenyeza kidole, kikazama kwenye kitu laini.

Kadibodi. Huku kwetu watu huziba rejeta Novemba ili injini ipate joto kwenye baridi kali, halafu Aprili huzibua. Baba alikuwa anakata ya boksi la kahawa, na alikuwa anaipaka rangi nyeusi, kwa sababu alisema gari lenye boksi la kahawa mdomoni linaonekana kama la mlevi. Ndiyo maana Raimo hakuiona. Kazi ile baba hakumruhusu mtu mwingine kuigusa. Novemba aliiweka. Aprili ilipofika hakuwepo.

Mama alikuwa hajarudi. Ningeweza kushusha boneti na kukaa kitako. Mshale ungemaliza kazi kabla hatujafika kileleni, na nisingelazimika kusema hata neno moja la uongo. Niliiona ile ghorofa, lifti yake, na majirani nyuma ya kila ukuta. Niliuona usingizi wangu.

Kisha nikaona alivyoikata. Alikuwa ameacha nafasi ya komeo la boneti, na pembe zote alizizungusha kwa kisu zisikwaruze kitu. Nikapandwa na hasira, sijui dhidi ya nani. Nikaivuta ikatoka. Kitambaa changu kikanitoka mkononi, kikaenda kunata pale mbele, chapu. Baada ya muda feni ikazimika yenyewe, na kwa mara ya kwanza siku ile kukawa kimya.

Mama alikuja na mablueberi, vile vitunda vya msituni, kwenye kofia. Akaiona kadibodi, asiipokee.

"Mjinga yule," akasema. "Mjinga wangu yule."

Akalia, mama yangu ambaye kanisani siku ya mazishi hakutoa hata chozi. Mablueberi yakamwagika, hakuna aliyeyaokota.

"Ulisimama sana na hiyo boneti," akasema alipotulia. "Nilikuwa nakuangalia."

"Nilikuwa nafikiria."

"Najua ulichokuwa unafikiria."

Tulifika Kajaani mshale uko chini ya nusu. Tulipita maktaba, mama hakugeuza shingo upande wa ghorofa. Alinunua viazi vipya, akabishana na muuzaji kuhusu udongo uliogandamana navyo, akarudi garini ametulia. Mimi ndiye niliyekuwa sijatulia. Nilikuwa naihesabu ile barabara, theluji yake, na simu ambazo hazitapokewa.

Mama akaichukua kadibodi kiti cha nyuma, akaniwekea mapajani.

"Kaa nayo wewe. Novemba utakuja kuiweka."

"Mama, nakaa Oulu mimi, mbali kote kule."

"Si unaogopa nitakufa peke yangu? Basi njoo." Akawasha gari. "Na Aprili usisahau kuja kuitoa."